Pai ya Ndizi na Kakao, na Namna ya Kuioka Bila Tanuri

Wanafunzi wenzangu, katika gazeti letu wengi huandika juu ya safari, michezo na hadithi za wanyama. Leo mimi nataka kuwafundisha kupika. Najua wavulana wengine watacheka, hasa wale wa bweni langu ambao wamekwisha kunicheka. Na wacheke, lakini siku niliporudi shule na kipande cha pai katika jani la mgomba hawakucheka, wala hawakunibakizia hata chembe.

Kwetu ni Bundibugyo, katika Uganda, nyuma ya milima ya Rwenzori, karibu na mto Semliki ulio mpakani na Kongo. Nchi yetu ina joto na mvua, na kakao humea vizuri sana. Baba yangu ana shamba la kakao. Nilizaliwa nikaikuta miti hiyo, na ada yangu ya shule hutoka humo. Lakini jambo la ajabu ni hili: mpaka likizo ya Desemba iliyopita hapakuwa na mtu nyumbani kwetu aliyepata kuonja chakula kilichopikwa kwa kakao yetu wenyewe. Wakati wa kupasua matunda tulifyonza ule utamu mweupe unaozunguka mbegu, kama wafanyavyo watoto wote wa huko. Kisha mbegu zilianikwa, zikatiwa guniani, zikaenda zao. Chokoleti baba aliijua kwa jina tu. Mimi niliionja shuleni mara mbili tatu.

Basi tulipofunga shule nilikuwa nimejifunza kwa mwalimu wetu wa mapishi namna ya kufanya pai ya matunda. Nikamwambia baba, "Baba, nipe mbegu kidogo nikupikie kitu." Baba akajibu, "Mbegu hizi ni fedha, mwanangu, si mboga." Lakini bibi, ambaye nyumbani kwetu hakuna mtu wa kumkataza, akachukua bakuli akachota guniani. Ndivyo somo hili lilivyoanza, na lilianza kwa hasara, kama mtakavyoona.

Pai ni nini? Ni unga wa ngano uliochanganywa na siagi, ukatandazwa kama chapati, ukatiwa matunda ndani yake, kisha ukaokwa mpaka ukakauka na kuwa mwepesi kuvunjika mdomoni kama biskuti. Wengine huitandaza katika chombo maalum cha bati. Mimi nitaeleza namna rahisi, ambayo watu wa mashamba ya Ufaransa huipenda: unatandaza duara moja, unaweka matunda katikati, kisha unakunja kingo juu yake pande zote. Haihitaji chombo chochote isipokuwa sahani ya bati, na ikipinda kidogo hakuna atakayekulaumu.

Vitu utakavyotaka ni hivi. Unga mweupe wa ngano gramu 250; siagi gramu 125, maana yake nusu ya kopo la gramu 250; chumvi kidogo sana; sukari gramu 100 hivi kwa kazi zote; ndizi za kisukari nne, zilizoiva lakini zisizolegea; nusu ya nanasi; ndimu moja; na maziwa kijiko kimoja cha kupaka. Kakao yataka mbegu kavu gramu 120, yaani kama mbegu 120 hivi, kwa kuwa mbegu moja kavu ina uzito wa karibu gramu moja. Kama kwenu hakuna kakao, usivunjike moyo. Chukua unga wa kakao wa dukani vijiko vikubwa vinne, sukari vijiko vitatu, na siagi iliyoyeyushwa vijiko viwili, ukoroge mpaka iwe laini. Hiyo yatosha.

Tuanze na kakao, kwa kuwa ndiyo kazi ndefu. Tia mbegu katika kikaango kikavu juu ya moto mdogo, ukikoroga kwa mwiko bila kupumzika kwa muda wa dakika 20 au 25. Usifanye haraka, wala usiziache zikaungua, maana ukiunguza mbegu sukari ya dunia nzima haitakuokoa. Mwanzo utasikia harufu kali kama siki. Baadaye hugeuka ikawa nzuri kama mkate unaookwa, na maganda huanza kulia taa, taa. Ndipo uziepue. Kukaanga huku si kwa ajili ya harufu tu: mbegu huanikwa nje, kuku hupita, vumbi huingia, na moto huua vijidudu. Kwa hiyo usitumie mbegu mbichi.

Zikipoa kidogo zisugue kwa viganja, maganda yatoke, kisha zipepete katika ungo. Kina dada wa kwetu walinishinda hapa. Mimi nilipepeta nusu ya kakao ikaenda kwa kuku. Halafu zitie katika kinu safi, nacho kiwe kimewekwa juani kwanza mpaka kipate joto. Kinu cha kutwangia vitunguu hakifai hata kidogo. Utatwanga, na kwa muda mrefu utaona unga mkavu tu kama mchanga. Bibi aliponiona natokwa na jasho alisema, "Mjukuu wangu, tia maji kidogo." Nikamzuia mkono. Karibu nusu ya mbegu ya kakao ni mafuta, na ukiendelea kutwanga kukiwa na joto, mafuta hutoka yenyewe, na ule mchanga hugeuka ukawa kama uji mzito unaong'aa. Lakini tone moja la maji likiingia, chembe za kakao hushikana, na badala ya uji utapata madonge. Ni hivyo hivyo kwa chokoleti ya dukani: ukitaka kuiyeyusha, weka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, na uangalie mvuke usidondoke ndani. Kakao ikishakuwa uji, tia sukari gramu 60 utwange tena.

Hapa nieleze jambo dogo la historia. Watu wa Mexico na nchi za jirani walikuwa wakinywa kakao muda mrefu kabla Wazungu hawajafika huko. Mwaka 1828 Casparus van Houten, mtu wa Uholanzi, alipata hati ya haki ya mashine ya kukamua mafuta katika kakao, na ndiyo sababu unga wa dukani ni mkavu, nasi tunauongezea siagi. Mwaka 1847 kiwanda cha Fry katika mji wa Bristol, Uingereza, kilichanganya unga huo na sukari na mafuta yale yale yaliyokamuliwa, kikatengeneza chokoleti ya kutafuna. Kwa hiyo sisi kwa kinu chetu tunaacha kuyatoa mafuta ambayo wao waliyatoa, kisha wakayarudisha.

Sasa unga. Hapa sharti usahau chapati. Mimi mara ya kwanza nilikanda kwa nguvu zangu zote, na bibi akanisifu kwamba nakanda kama mwanamke wa pwani. Pai ilipotoka ilikuwa kama soli ya kiatu. Sababu yake ni hii: katika unga wa ngano mna kitu ambacho kikikutana na maji na kukandwa hugeuka nyuzi zinazovutika. Katika mkate na chapati tunazitaka nyuzi hizo. Katika pai hatuzitaka, na siagi ndiyo inayozizuia, kwa kuwa huufunika unga usinywe maji mengi. Lakini siagi ikiyeyuka kabla ya kuingia motoni kazi yake huharibika. Kwa hiyo iwe baridi. Sisi hatuna friji. Nililifunga kopo katika mfuko nikalitumbukiza ndani ya mtungi wa maji usiku kucha, na asubuhi siagi ilikuwa ngumu ya kukatwa kwa kisu. Fanya kazi asubuhi na mapema kabla jua halijapanda.

Katakata siagi vipande vidogo juu ya unga uliotiwa chumvi na kijiko kimoja cha sukari. Sugua kwa ncha za vidole tu, si kwa viganja, maana viganja vina joto, mpaka unga uwe kama chenga za mkate. Nyunyiza maji baridi kijiko kimoja kimoja, vinne au vitano tu, ukikusanya unga mpaka ushikane. Ukishikana, acha! Usikande. Ufunge katika jani la mgomba na uuweke mahali pa baridi nusu saa.

Wakati huo tengeneza matunda. Menya nanasi, likate vipande vidogo kama punje za mahindi, ulipike na vijiko viwili vya sukari mpaka maji yake yakauke kabisa, kisha lipoe. Asiyelikausha nanasi atakula uji katika sahani. Ndizi hukatwa vipande vya mviringo na kunyunyiziwa ndimu zisiwe nyeusi.

Tandaza unga kwa chupa safi juu ya meza iliyonyunyizwa unga mkavu, upate duara la sentimita 35 hivi. Ikunje mara mbili uihamishe kwenye sahani ya bati iliyopakwa siagi, kisha uikunjue tena. Paka kakao katikati, ukiacha ukingo wa vidole vinne. Kakao iwe chini na matunda juu, wala si kinyume chake: mafuta ya kakao huzuia maji ya matunda yasiloweshe unga, nayo matunda huizuia kakao isiungue. Panga nanasi, halafu ndizi juu, kunja kingo kuelekea ndani, upake maziwa.

Wenye tanuri la umeme au gesi wataoka kwa joto la digrii 190 au 200 muda wa dakika 35. Sisi wengine tutafute sufuria kubwa nene. Iwe kuukuu, maana baada ya kazi hii haitapendeza tena. Mama alinipa moja iliyokwisha kupoteza mkono. Tia mchanga mkavu kimo cha vidole viwili, weka vijiwe vitatu juu ya mchanga, funika kwa mfuniko wa bapa, na upalie makaa: machache chini, mengi juu. Ngoja robo saa. Kisha weka unga kidogo juu ya kipande cha bati uingize ndani. Baada ya dakika chache ukiwa wa rangi ya kahawia, moto umetosha. Ukiwa mweusi, punguza makaa. Ndipo uweke sahani yako juu ya vijiwe. Usifunue kwa dakika 20 za kwanza, hata harufu ikikuita. Baada ya dakika 35 mpaka 40 kingo zitakuwa na rangi ya dhahabu na ngumu ukizigusa.

Basi pai yangu ya kwanza ilitoka. Kwa sura ilikuwa nzuri. Nikampa baba kipande cha kwanza, yeye aliyelima kakao tangu ujana wake. Akatafuna. Akanyamaza. Akasema, "Hii ndiyo wanayoinunua?" Nami nikaonja. Juu ya ugumu wa unga, kakao ilikuwa chungu, tena yenye ukakasi unaokausha ulimi kama gome la mti, na sukari haikusaidia. Nilidhani nimeiunguza. Watoto walikula ndizi wakaacha mengine.

Usiku sikupata usingizi vizuri. Asubuhi nilichukua mbegu kumi guniani nikazikata katikati kwa wembe. Saba zilikuwa za kijivu ndani, zimeshikamana kama kibao cha kuandikia. Tatu zilikuwa za zambarau. Hata moja haikuwa ya kahawia yenye nyufa nyufa, kama tulivyoonyeshwa katika somo la kilimo. Nikampelekea baba. Alizitazama kwa muda, akasema kwamba hata mnunuzi hukata mbegu hivyo hivyo, kisha hupunguza bei, naye siku zote alifikiri ni hila ya kumwibia mkulima. Kisha akanieleza. Mwaka 2024 bei ya kakao katika masoko ya dunia ilipopita dola 10,000 kwa tani, wezi waliingia mashambani usiku, na wengi wakaona heri kupasua, kuanika na kuuza upesi. Baba naye aliacha kuvundika. Bei ilipopungua baadaye hakurudia desturi ya zamani, kwa sababu ada ya shule ina siku yake, nayo haingoji mbegu. Ada hiyo ilikuwa yangu. Sikuwa na la kujibu.

Sasa nieleze kuvundika, kwa kuwa bila hiyo hakuna pai. Mbegu mbichi zikitoka katika tunda pamoja na utamu wake mweupe, hurundikwa katika sanduku la mbao lenye matundu chini, na kufunikwa kwa majani ya mgomba. Hamira za asili hula ule utamu na kuugeuza pombe. Baadaye vijidudu vingine huigeuza pombe kuwa siki. Kazi hiyo hutoa joto kubwa, hata kufika digrii 45 na zaidi. Ukitia mkono katikati ya rundo hutauacha humo. Joto na siki huua mbegu isiote, huingia ndani yake na kuanza kutengeneza vitu ambavyo baadaye, zikikaangwa, hutoa harufu ya chokoleti. Uchungu na ukakasi hupungua. Rundo hugeuzwa baada ya siku mbili, kisha tena baada ya siku mbili, ili zote zipate joto na hewa. Siku ya tano au ya sita hutolewa na kuanikwa juu ya mkeka ulioinuliwa juu ya vigingi, kwa wiki moja au zaidi kama mvua ni nyingi, mpaka ukizitikisa zilie. Moshi usizifikie, maana mafuta ya kakao hunyonya harufu yoyote. Mbegu iliyokwisha kukauka bila kuvundikwa haiponi tena.

Tena rundo dogo halipati joto la kutosha, na hapo ndipo wenye mashamba madogo hushindwa. Baba alimwendea jirani yetu wakakubaliana kuchanganya mavuno yao katika sanduku moja, kila mmoja akipima ndoo zake kwanza na kuandika. Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi. Walilala karibu na sanduku kwa zamu, siku sita, pamoja na mbwa wa jirani, ambaye bibi alisema hulala kuliko wote.

Katika wiki ya kwanza ya Januari mbegu zilikuwa kavu. Baba mwenyewe alikata kumi kwa wembe, akahesabu nane za kahawia, akanyosha mkono kwa bibi atoe bakuli. Safari hii hakusema juu ya fedha. Nilikaanga, nikatwanga, sikukanda unga. Baba aliketi kando ya sufuria akitazama makaa, akaniuliza mara tatu kama wakati umefika.

Pai usiikate ingali ya moto, kwa sababu kakao bado ni uji nayo itamwagika. Ngoja nusu saa hivi. Nilikata vipande vinane. Baba alikula chake polepole bila kusema neno, kisha akakunja kipande cha pili katika jani akaondoka nacho kwenda kwa jirani, akarudi usiku. Wiki iliyofuata mnunuzi alikata mbegu zao, akazitazama, hakupunguza hata shilingi. Nami nililipiwa ada siku mbili kabla ya shule kufunguliwa.

Ikibaki, ifunike kwa sahani. Kesho yake ukingo huwa umelainika kidogo, na ndivyo bibi anavyoipenda, kwa ajili ya meno yake.